Kikaratasi Mahali pa Kifungo

Mwanamke huyu hakuwa mgomvi. Tuanzie hapo, ili atakayesikia habari yake asije akasema alikuwa anatafuta sababu. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare, mtu wa maneno machache na mishono mingi, na kazini walimwita Mama Vifungo kwa kuwa kabati la vifungo lilikuwa mikononi mwake.

Kabati hilo lilikuwa na droo tisini na sita, kila droo na namba yake kwa wino mweusi. Karatasi ya oda ikiandikwa "kifungo 41", yeye anafungua droo ya arobaini na moja, hana haja ya kuuliza ni cha rangi gani wala kina matundu mangapi. Na ikitajwa namba ambayo kabati halina, hakubahatisha. Alikata kikaratasi kidogo kama ukucha wa dole gumba, akaandika juu yake alama ya kuuliza, akakibana kwa pini pale pale ambapo kifungo kilitakiwa kukaa. Koti likaendelea na safari yake kwa mpiga pasi, kikaratasi kifuani, mpaka kifungo chake kipatikane. Utaratibu huo aliuanzisha mwenyewe, na karakana nzima iliujua.

Alikuwa na binti mmoja. Kumzaa hakumzaa. Dada yake mkubwa alifariki akaacha mtoto wa miaka minne, na mtoto akaletwa mchana mmoja akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu kamba yake ilikatikia njiani. Mama Vifungo alikishona kiatu kwanza, ndipo akampa chakula. Kwa hesabu ya ukoo yeye alikuwa mama mdogo, na wiki ya kwanza mtoto alimwita hivyo. Wiki ya pili neno "mdogo" likadondoka lenyewe. Hakuna aliyelifukuza.

Miaka ikaenda vizuri. Ila siku moja, binti akiwa na miaka kumi na mitatu, alikatazwa kwenda kulala kwa rafiki yake, akasimama mlangoni na kusema, "Kwani wewe ni mama yangu?" Akajifungia chumbani. Jioni akatoka akaosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile vilivyokuwa safi, na hiyo ndiyo ikawa samahani yake. Yakaisha. Lakini swali lile lilibaki ndani ya Mama Vifungo kama ncha ya sindano iliyovunjikia ndani ya mto. Hukai ukaikumbuka, mpaka siku utakapoegemea.

Sasa binti ni mtu mzima, kaolewa mbali, mwendo wa basi wa siku mbili, na alikuwa mjamzito. Wiki tatu simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alipiga, akapiga tena, akajiambia, "Labda anapumzika, tumbo limekuwa zito," kisha akaacha. Kosa lake la kwanza lilikuwa hapo, na wala halikuhusu kompyuta. Mama ukimkosa mwanao siku tatu, mtafute mumewe, mtafute jirani yake. Aibu ya kumpigia mkwe si kitu mbele ya wasiwasi unaokaa wiki tatu kifuani.

Jumatatu asubuhi, cherehani zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kunguruma, karani wa karakana alitoka ofisini akipeperusha karatasi. Huyu walimwita Bi Karatasi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kalamu mbili kwenye nywele, na kazi yake ilikuwa kupokea oda kwenye barua pepe na kuzichapa.

"Mama Vifungo! Una barua, mama. Kutoka kwa binti yako."

Binti aliijua anwani ya karakana tangu shule, alipokuwa akituma matokeo ya mitihani yake kwa njia hiyo.

"Umeisoma?" aliuliza Mama Vifungo, akijifuta mikono.

"Mimi nasoma oda tu. Za watu nachapa nimefumba macho."

"Ukifumba macho unajuaje kuwa ni yake?" alidakia mshonaji wa cherehani ya jirani, shoga yake wa miaka mingi, ambaye hakuna neno lililowahi kumpita bila kulishika mkia.

Wakacheka. Mama Vifungo aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaingoja saa ya chai. Barua ya mwana haisomwi huku mguu uko kwenye pedali.

Saa ya chai alikwenda kukaa kwenye gunia la vipande vya kitambaa, nyuma ya meza ya kukatia, akavaa miwani. Shule alimaliza ya msingi, na alichofundishwa alikishika barabara. Mwalimu wao wa darasa la nne alikuwa akigonga dawati kwa rula: nukta, shusha sauti, mkato, pumzika, alama ya kuuliza, pandisha! Aliyesahau kupandisha alirudia mpaka apandishe. Kwa hiyo mpaka leo akisoma, midomo inatembea, na sauti inapanda na kushuka kwa kufuata alama.

Barua ilikuwa imeandikwa hivi:

*Shikamoo mama ???*

*Nimejifungua salama ? Ni msichana ? Mimi na baba yake tumempa jina lako ??*

*Wewe ndiye mama yangu ??? Ulinilea bila kunibagua ? Nilikuwa nakula kabla yako ? Sijasahau ?*

*Mama mkwe alitaka kuja kunisaidia. Nimemwambia mimi nina mama ??*

*Basi ni la Jumamosi. Nijibu kabla ya Ijumaa mchana ili tukukatie tiketi. Simu yangu iliingia maji, niandikie hapa hapa kwa kompyuta ya mume wangu. Nakungoja ???*

Alisoma mara ya kwanza, sauti ikapanda, ikapanda, ikapanda. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaanza upya.

Shikamoo mama? Shikamoo gani hii ya kuuliza? Kama mtu anayegonga mlango huku anachungulia kama ndani kuna mwenye kustahili salamu.

Nimejifungua salama? Hapo akaona kosa lake limeanikwa juani, kwa sababu hakuwahi kuulizia. Wiki tatu hakujua kama mwanawe mzima au la. Basi ndiyo anasutwa. Ni msichana? Yaani, ulijua wewe, uliwahi hata kuuliza? Tumempa jina lako? Ungependa, eh? Kila swali lilikuwa na mahali pa kuchoma, na kadiri alivyosoma ndivyo yalivyozidi kuingia.

Kisha akafika pale. Wewe ndiye mama yangu, na alama tatu nyuma yake zimesimama mstari kama watu waliokuja kushuhudia.

Aliegemea, na ncha ya sindano ikamkuta.

Wenye lugha nyingine huenda wasingeingia mtego huu. Lakini kwetu sisi, "umekula" na "umekula?" ni neno lile lile. Hakuna linaloongezwa, hakuna linalopunguzwa, ni sauti tu. Na kwenye karatasi hakuna sauti, kuna alama. Ondoa alama, ni habari. Weka alama, ni swali. Weka tatu, ni matusi.

Shoga yake alikuja na vikombe viwili, akamkuta kakodoa macho ukutani.

"Vipi, shoga? Kuna msiba?"

"Kuna mtoto. Wa kike."

"Sasa mbona uso kama umemeza kifungo?"

Mama Vifungo akampa karatasi. Shoga alisoma haraka haraka, akaguna, akasoma tena pale katikati.

"Hee! Huyu kapatwa na nini? Ulinilea bila kunibagua, kiulizo?"

"Na wewe umeona."

"Nimeona, mimi si kipofu. Ni hao anaokaa nao, shoga yangu. Mtoto akizaa tu, watu wanamkalia masikioni. Wamemwambia, yule mbona si mama yako wa kuzaa, kidogo kidogo hivyo, mpaka anaandika barua ya aina hii." Kisha akaongeza, maana hakuweza kujizuia, "Hata nakula kabla yako anauliza! Kwani mimi sikuwepo? Si nilikuwa naona ukikwangua sufuria?"

Tuseme kweli, shoga hakuwa na nia mbaya. Lakini palepale mtu mmoja angesema, "Hebu mpigie mumewe umsikie," mambo yangeishia kwenye kikombe cha chai. Hakuna aliyesema.

Mchana Mama Vifungo aliingia ofisini. Bi Karatasi alikuwa anakula huku anachapa, bakuli juu ya kava la printa.

"Mwanangu, niandikie jibu."

"Ndiyo mama, nipe." Akasukuma bakuli. "Hongera, bibi! Shoga yako kashatangaza."

"Andika. Maswali yako nimeyapata."

Vidole vikacheza. "Maswali yako nimeyapata."

"Yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mwenye mama mkwe hakosi msaada. Jumamosi siji."

Vidole vikasimama. "Mama. Hivyo hivyo?"

"Wewe chapa."

"Hata salamu nisiweke?"

Mama Vifungo akatazama dirishani, ambako majora ya kitambaa cheupe yalikuwa yakishushwa kwenye gari. "Weka salamu kwa mtoto. Mtoto hajaniuliza kitu."

Barua ikaenda. Inavyokwenda hata huioni. Hakuna bahasha ya kulamba wala sanduku la kutembea mpaka lilipo huku hasira inapoa. Barua za zamani zilikuwa na huruma hiyo. Ulikuwa unaweza kugeuzia njiani.

Jumanne jibu likaja, fupi.

*Mama nimekukosea nini? Maswali gani mama? Mimi sijakuuliza kitu ??*

"Umeona?" Mama Vifungo alimwambia shoga yake. "Anakana, na kukana kwenyewe anakana kwa kuuliza. Mimi sijakuuliza kitu, viulizo viwili!"

"Dharau hiyo," alisema shoga, lakini safari hii kwa sauti ndogo, maana aliona mwenzake amelikosa tundu la sindano mara tatu.

Mama Vifungo hakumjibu binti. Jumatano yote alishona bila kuinua kichwa. Akafanya jambo ambalo hajalifanya miaka kumi na tisa: alisoma vibaya namba ya kifungo. Msimamizi wa karakana, fundi mkuu waliyemwita Mzee Futi kwa sababu ya futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake hata akienda msalani, alisimama mbele ya meza akiwa ameshika koti jeupe la daktari lenye vifungo vikubwa vyeusi.

"Mama Vifungo. Huyu daktari leo anakwenda kutibu au kuzika?"

Cherehani zote zikanyamaza ili watu wacheke vizuri. Yeye alichukua koti, akaangalia oda: kumi na nne. Akaangalia droo aliyofungua: arobaini na moja.

"Nisamehe, Mzee. Nafumua."

Mzee Futi alikuwa mtu wa makelele, lakini macho alikuwa nayo. Hakucheka na wenzake. "Fumua taratibu, mama," alisema. "Koti haliendi popote."

Usiku ule hatutausimulia. Inatosha kusema kwamba asubuhi ya Alhamisi alikuja na begi, na ndani ya begi kulikuwa na shali la kumbebea mtoto alilokuwa amelifuma tangu mimba ina miezi mitano, njano, bila doa. Alikusudia kuliacha karakana litumike kufutia mashine. Alilitoa, akalitazama, akalirudisha. Alifanya hivyo mara mbili kabla ya saa nne.

Ilipofika saa nne na nusu Mzee Futi akatoka ofisini na oda mkononi. Ilikuwa oda ya makoti ya maabara, sitini kwa mpigo, na kitambaa kilikuwa kimekwisha tandazwa kwenye meza, mkasi unangoja.

"Hawa watu wamelogwa," alisema. "Urefu wa mkono, hamsini na nane, kiulizo, sitini na mbili. Sasa wananiuliza mimi? Mikono ni yangu au yao?"

Akapiga simu. Na kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito, alikuwa na tabia ya kuiweka simu ipaze sauti, karakana nzima isikie.

"Haloo! Karakana ya sare hapa. Nataka kujua, ni hamsini na nane au ni sitini na mbili?"

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu, tulivu, yenye kuchoka kidogo. "Zote mbili, mzee. Kuanzia hamsini na nane hadi sitini na mbili. Kuna wafupi na kuna warefu."

"Sasa mbona mmeuliza?"

"Nani kauliza?"

"Nyie! Nina karatasi hapa. Katikati kuna alama ya kuuliza."

"Mimi sikuuliza kitu, mzee. Nimeweka kistari. Hapa kwangu naona kistari."

"Mama, nina miwani mipya."

"Na mimi nina macho yangu. Sikuuliza kitu."

Mama Vifungo alikuwa kwenye kabati. Koti lililokuwa mbele yake lilitaka kifungo namba mia na tatu, na droo zake zinaishia tisini na sita, kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa na pini, na mwingine ulikuwa na kikaratasi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Akasikia: sikuuliza kitu. Maneno yale yale. Akabaki ameshika pini hewani.

Bi Karatasi alikuwa ametoka mlangoni kwa makelele yale. "Mzee, usimgombeze mteja. Ni kompyuta yetu."

"Kompyuta imeanza lini kuuliza watu maswali?"

"Haiulizi, Mzee. Ngoja nikueleze." Akachomoa kalamu moja kwenye nywele, kama vile bila kalamu maneno hayatoki. "Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Mtu akiandika kule, kila herufi inasafiri kama namba, na huku programu ya barua pepe inaangalia kwenye orodha yake, namba hii ni a, namba hii ni b, inatuandikia. Sasa orodha ziko nyingi. Wenzetu wanatumia ile mpya, ndefu, ina kila kitu: vistari virefu, vinyota, mpaka vikatuni vya kucheka. Programu yetu ni ya zamani, orodha yake fupi. Ina abichidi, tarakimu, nukta, mkato, basi. Namba ikija ambayo kwenye orodha yetu haimo..."

"Inabana kikaratasi," alisema Mama Vifungo.

Wote wakageuka. Hakuwa mtu wa kudakia.

"Inabana kikaratasi," alirudia polepole, na akakiinua kile cha mkononi, na alama yake. "Kifungo hakipo kabatini. Inashika nafasi."

"Hivyo hivyo, mama!" alisema Bi Karatasi. "Afadhali wewe ungeajiriwa kufundisha."

"Na mtu akiweka nini kingine? Mbali na kistari?"

"Chochote. Akiweka moyo, kwa mfano. Vijana siku hizi wanamaliza sentensi kwa moyo, nukta wameisahau. Moyo mmoja unatoa alama moja, au mbili, inategemea moyo wenyewe."

Mama Vifungo aliweka pini chini. Aliiweka kwa uangalifu sana, kichwa chake kikielekea ukutani, kama mtu anayejua kwamba ajali moja kwa wiki inatosha. Akatoa barua ya Jumatatu kwenye begi, chini ya shali la njano. Ilikuwa imekunjwa mara nne na imechakaa kwenye mikunjo.

"Nipe penseli."

Shoga akampa chaki ya fundi. Akaitandaza karatasi juu ya kitambaa cha maabara, na watu wote wakaacha walichokuwa wakifanya, Mzee Futi na simu yake bado iko hewani, mteja bado yumo ndani anasikiliza. Akaifuta kila alama ya kuuliza kwa mstari wa chaki. Shikamoo mama, mstari. Nimejifungua salama, mstari.

"Lakini kama nyingine ni za kweli?" alinong'ona shoga. "Utajuaje?"

Hilo ndilo lilimsimamisha. Kwenye karatasi zote zinafanana. Kikaratasi hakisemi kilishika nafasi ya kifungo gani.

"Sanduku la barua naweza kulifungua kwa simu yangu," alisema Bi Karatasi. "Simu ina orodha mpya. Ngoja, mtandao unazunguka."

Mtandao ukazunguka. Na wakati unazunguka, Mama Vifungo hakungoja. Alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, na kila alipofika kwenye mstari wa chaki, alifanya kile ambacho mwalimu wa darasa la nne angemrudisha mwanzo kwa sababu yake. Alishusha sauti.

"Shikamoo mama. Nimejifungua salama. Ni msichana. Mimi na baba yake tumempa jina lako."

Akasogeza kidole mstari uliofuata.

"Wewe ndiye mama yangu. Ulinilea bila kunibagua. Nilikuwa nakula kabla yako. Sijasahau."

Maneno yalikaa. Hakuna lililovuta upande, hakuna lililobana kwapani. Ni kama nguo uliyoivaa ndani nje siku tatu ukiilaumu kwa kuwasha, kisha ukaigeuza.

"Nimemwambia mimi nina mama. Nakungoja."

"Imefunguka," alisema Bi Karatasi kwa sauti ndogo, akampa simu.

Alishajua, lakini aliangalia. Nani asingeangalia? Kulikuwa na mioyo myekundu kila mahali. Baada ya shikamoo kulikuwa na viganja vilivyokutanishwa na mioyo miwili. Baada ya "ni msichana" kulikuwa na ua. Na pale palipokuwa na wale mashahidi watatu, kulikuwa na mioyo mitatu imejipanga, mmoja baada ya mwingine. Barua ya Jumanne nayo: "Mama nimekukosea nini?" hiyo ilikuwa na kiulizo cha kweli, cha kwake mwenyewe. "Mimi sijakuuliza kitu," na baada yake kikatuni kinacholia.

"Shoga yangu," alisema shoga, akamvutia kigoda akae.

Sauti ikatoka kwenye simu ya Mzee Futi. "Jamani, kwa hiyo ni hadi, sawa? Na hongera kwa mjukuu."

"Ni hadi, mama, ni hadi," alisema Mzee Futi, akakata, akapenga kamasi kwenye leso yenye urefu wa futi mbili.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano kasoro. Ijumaa mchana ilikuwa bado. Mama Vifungo aliingia ofisini, akakaa kwenye kiti cha wageni ambacho siku zote alikipita.

"Andika, mwanangu. Wewe andika tu, usinisahihishe. Mwanangu mpenzi. Mashine ya kazini kwetu ilimeza mioyo yako ikatema viulizo, na mimi nikavisoma. Kosa lako ni moyo, langu ni kutopiga simu, na langu ni kubwa."

Vidole vikacheza.

"Wewe ni mwanangu nukta."

Bi Karatasi akaweka nukta.

"Hapana. Iandike. Nukta."

"Niandike neno nukta, mama?"

"Herufi zake zimo kwenye ile orodha fupi?"

"Zimo zote."

"Basi iandike. Isije mashine ya kwao nayo ikawa na lake." Akaendelea, polepole, kama anayehesabu mishono. "Nakuja Jumamosi nukta. Kama mama mkwe umeshamwita kwa sababu yangu, usimrudishe, mtu hafukuzwi kwa kosa la mwingine nukta. Shali liko tayari nukta. Mwambie mumeo aniandikie namba ya simu ya jirani yenu, na mimi naapa nitapiga nukta."

"Nitume?"

"Soma kwanza."

Bi Karatasi akasoma. Sauti ilishuka kila mahali ilipotakiwa kushuka.

"Tuma."

Halafu ikawa zamu ya kungoja. Aliyewahi kufumua koti zima anajua namna ile ya kungoja: uzi wote uko mapajani, na hujui kama kitambaa kitakuwa na matundu. Alhamisi ikapita bila neno. Alishona makoti kumi na moja, na vifungo vyote vilikuwa mahali pake. Mzee Futi alivikagua mwenyewe, akavipitisha vyote, na kwa Mzee Futi hiyo ni sherehe.

Ijumaa, karibu saa tatu asubuhi, Bi Karatasi hakutoka mlangoni na karatasi. Alikuja mpaka kwenye kabati, akamshikisha simu yake mkononi.

"Mama, isome humu humu. Mimi nimefumba macho."

Barua haikuwa na moyo hata mmoja.

*Mama nilidhani umenichoka nukta. Jumanne nililia mpaka mtoto akanishangaa nukta. Sasa nimecheka mpaka mshono umeuma nukta. Tiketi imekatwa, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi nukta. Mama mkwe keshafungasha na hataki kusikia habari ya kubaki nyumbani kwake, kwa hiyo mtabanana chumba kimoja, mtajuana huko huko nukta. Mtoto ana masikio yako nukta. Wewe ndiye mama yangu nukta nukta nukta. Nikuandalie nini ukifika swali*

Mama Vifungo alifika kwenye lile neno la mwisho, na kwa mara ya kwanza wiki ile, sauti yake ikapanda kwa raha zake. "Nikuandalie nini ukifika?" Akacheka peke yake, mkono mdomoni.

Jioni kabla ya kuondoka alimkabidhi shoga yake ufunguo wa kabati la vifungo, na maelekezo yenye urefu wa khanga. Kisha akaingia ofisini, akakata kikaratasi, akaandika alama ya kuuliza kwa wino mweusi, na kwa kuwa kompyuta haishiki pini, akakibandika kwa gundi juu ya skrini, pale ambapo kila anayekuja kuchukua barua yake lazima akione.

Mzee Futi akapita, akainama, akavuta miwani.

"Na hapa kumekosekana kifungo gani?"

"Hapo palikosekana simu moja, Mzee," alisema Mama Vifungo, akafunga zipu ya begi, shali la njano likiwa juu ya vitu vyote.